Kikombe Alichosahau Kukionja

Mukagasana alikuwa na vitu viwili ambavyo hakutaka mtu avichezee: sufuria yake ya maharage na jina lake. Sufuria ungeweza kuisogelea kama wewe ni mtu wa nyumbani na yeye ana haraka. Jina, thubutu! Pale Kacyiru, mjini Kigali, kwenye mteremko ulio chini ya ofisi za wizara, alikokuwa na mgahawa wake wa meza tano na paa la bati, kila mtu alijua kwamba mama huyu wa miaka hamsini na miwili anaweza kukugombeza asubuhi na kukulisha mchana kama vile hapakuwa na neno. Lakini ukimsema vibaya kwa pembeni, atakufuata hadi kwenu akuulize mbele ya mkeo.

Alizaliwa upande wa Kabuga, barabara ya mashariki, kwa mzee aliyekuwa na migomba mingi na mabinti watupu. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kiume, kazi ya kukamua ndizi ilimwangukia yeye, naye akaifanya tangu ana miaka kumi mpaka akawa na viganja vipana ambavyo hakuna pete iliyowahi kuvitosha. Aliolewa, akamzaa Kaze, mume akafa kabla mtoto hajajua kutembea. Hakukaa kulia. Majengo ya wizara yalipokuwa yakijengwa Kacyiru, alikuja na mitungi miwili ya umutobe kuwauzia waashi. Majengo yakaisha, waashi wakaondoka, yeye akabaki. Akaongeza chapati, akaongeza maharage, akaongeza nyama ya mbuzi ya kuchoma kwenye vijiti, ambayo watu wa Kigali huiita brosheti. Kaze akasoma kwa moshi wa jiko hilo hadi akaolewa Butare, na mama akaendelea kuitwa Mama Kaze na wakubwa kwa wadogo.

Lakini kilichomweka mjini ni huo umutobe. Ni juisi ya ndizi zilizoivishwa shimoni siku tatu nne, zikakamuliwa kwa nyasi, ikanywewa kabla haijapata nafasi ya kuwa pombe. Wake ulikuwa na utamu wa kadiri na harufu ya moshi kwa mbali. Waislamu waliunywa bila wasiwasi, watoto waliunywa, na masista wa parokia walikuwa wakimtuma mtu na kibuyu.

Aliutoa kwa desturi aliyolelewa nayo. Kwao kinywaji hakimfikii mgeni mpaka aliyekileta akionje kwanza mbele ya macho yake. Anapiga funda moja, anameza, ndipo anakukabidhi. Maana yake kila mtu anaijua: kama humu mna ubaya, umeanza na mimi. Mtu akikupa kikombe bila kukionja, una haki ya kukiacha mezani, na ukikiacha, waliopo wote wameshasikia ulichosema ingawa hukufungua mdomo. Sumu ni neno zito nchini humo. Mwenye mgahawa akishaandamwa nalo, afunge tu mlango akalime.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Misa ya kwanza ikishatoka, kama saa nne hivi, meza ya dirishani ilikuwa ya watu wanne na hakuna mwingine aliyekalishwa hapo. Wa kwanza kufika alikuwa Nsabimana, fundi cherehani, Mwislamu aliyekulia Nyamirambo. Yeye hakuwa na misa ya kumchelewesha, hivyo aliweka kofia yake juu ya meza na kuwalindia wenzake nafasi. Halafu alikuja Viateur, dereva wa wizara, ambaye siku sita aliendesha gari la serikali na siku ya saba alilalamika kwamba miguu inamuuma kwa kutembea. Halafu Mukandekezi, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anaomba darasa zima linyamaze. Na mwisho kabisa Révérien, karani wa masjala, aliyetoka mbali kwao Kagugu, viatu mkononi mpaka afike lami.

Révérien ndiye aliyekuwa utamu wa meza ile. Alikuwa mtu wa kusimulia kwa mikono. Akikueleza habari ya pikipiki iliyoanguka, mkono mmoja ni pikipiki na wa pili ni mtaro, na kikombe cha jirani ndicho polisi. Walikula chapati na maharage, wakala brosheti, wakabishana juu ya mpira na mvua na bei ya sukari hadi saa saba, na Mukagasana akipita na kibuyu aliwaambia waondoke kwake wana kelele, huku akiwajazia vikombe.

Oktoba ya mwaka 1990 vita vikaanza kaskazini, na mjini watu wakakamatwa kwa maelfu, wakiitwa washirika wa adui. Révérien alichukuliwa nyumbani kwake asubuhi moja akiwa ndani ya kaptula. Hakuna aliyesema kosa lake. Kwa miezi sita meza ya dirishani ilikuwa na watu watatu na kigoda kitupu. Mtu mgeni akijaribu kukivuta, Mukagasana alimkemea kutoka jikoni kwamba hicho kina mwenyewe. Viateur alimnong'oneza kwamba siyo vizuri kusema hivyo kwa sauti, siku hizi kuna watu wanasikiliza. Akamjibu kwamba wasikilize basi, kigoda ni chake, alikinunua yeye.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, waliofungwa wakaanza kuachiwa. Na Jumapili moja, saa nne na nusu, Révérien huyo mlangoni.

Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Alivaa koti zito la kijivu ingawa jua lilikuwa kali. Mukandekezi aliinuka akamkumbatia, Nsabimana akamkumbatia, Viateur akamkumbatia akafuta macho kwa kofia ya Nsabimana. Watu wa meza nyingine wakaanza kuongea wote kwa pamoja kama watu waliofumaniwa. Mukagasana aliyaacha maharage yake jikoni, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja mbio na kibuyu. Furaha ilimzidi. Alimimina kikombe hadi juu, akakiweka mbele ya Révérien, akamwambia anywe, kigoda kilikuwa kinamsubiri.

Révérien alikitazama kile kikombe. Akasema, "Kiache hapo kwanza, Mama Kaze."

Hakukigusa. Wenzake walikunywa, wakamwuliza habari za nyumbani, za mkewe Mukasine, za mvua ya Kagugu. Alijibu kwa upole, maneno machache, mikono ndani ya mifuko ya koti. Chapati alisema ameshakula. Brosheti alisema tumbo halijazoea. Baada ya saa moja akasema njia ni ndefu, akaaga, akaondoka. Kikombe kikabaki palepale, kimejaa, na nzi mmoja anatembea ukingoni.

Mukagasana alipokwenda kukiondoa ndipo alipokumbuka. Hakukionja! Miaka yote hiyo, maelfu ya vikombe, na siku ya mtu aliyetoka gerezani akampa kikombe bila kukionja. Aligeuka akaona mtu wa meza ya tatu anamtazama yeye, kisha anakitazama kikombe, kisha anatazama pembeni.

Siku zile maneno hayakuhitaji miguu. Kufikia Jumanne wateja wawili wa kila siku waliagiza soda badala ya umutobe, na wakataka zifunguliwe mbele yao. Jumatano walikuwa sita. Alhamisi alikuja Viateur, Viateur wake huyu, akaomba soda, akaipokea ikiwa na kizibo, akaifungua mwenyewe kwa meno huku akitazama barabarani. Mukagasana alirudi jikoni akakaa juu ya gunia la mkaa na kulia, mwanamke ambaye alimzika mumewe akiwa mkavu wa macho.

Mukandekezi ndiye aliyemweleza yote bila kuficha, maana walimu hawajui kuficha. Alisema watu wanasema mambo mawili. La kwanza, kwamba Révérien ametoka kule amefunguka macho, na kama hakunywa, basi anajua kitu. La pili lilikuwa baya kuliko la kwanza: kwamba Mukagasana ndiye aliyekwenda kumtaja mwezi wa kumi hadi akachukuliwa, na Révérien ameambiwa huko huko gerezani. Ati ndiyo sababu alikuwa anakilinda kile kigoda, dhamiri ilikuwa inamsuta.

Jumapili iliyofuata Révérien hakuja. Meza nne kati ya tano zilikuwa tupu, na umutobe aliokamua kwa mikono yake Ijumaa ukaanza kuchachuka ndani ya mtungi. Nsabimana peke yake alikunywa vikombe vitatu kwa makusudi, kwa sauti, ili aonekane. Hakukuwa na wa kumwona.

Jumatatu Mukagasana alifunga mlango, akajitwika kibuyu cha umutobe mpya na kushika njia ya Kagugu kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angeanza kwa kuomba radhi, maana kosa la kutokuonja ni lake na halina mjadala. Lakini baada ya radhi angemwuliza Révérien kama mwanaume mzima: ni nani aliyekuambia kwamba nimekutaja? Alete jina. Alipopanda kilima cha mwisho hasira ilikuwa imeshaimeza radhi karibu yote.

Alimkuta Révérien amekaa uani, mgongo ukutani, ndani ya koti lilelile. Mukasine alimpokea kwa furaha, akamkumbatia, akamletea kigoda na kikombe alipoomba kikombe. Mukagasana hakutaka salamu ndefu. Alikaa, akamimina, akakiinua kikombe mbele ya macho ya Révérien, akapiga mafunda si moja bali matatu, koo likionekana likipanda na kushuka. Akafuta midomo, akamnyooshea kikombe.

Révérien hakukipokea. Alikitazama tu, kama siku ile.

Basi hapo Mukagasana akawaka. "Nimeonja mbele yako, na mke wako ameona. Sasa unataka ninywe chote nife hapa uani kwako ndipo uamini? Nimekukosea nini, Révérien? Kama kuna mtu amekuambia nilikutaja, mwite aje aniambie machoni."

Mukasine alikichukua kikombe mkononi mwa mgeni wake, taratibu, kama kitu anachokifanya kila siku. Akaweka mkono mmoja nyuma ya shingo ya mumewe na kwa mkono wa pili akamnywesha. Révérien alikunywa kwa pupa, macho amefumba, umutobe ukamtiririka kidevuni hadi kikombe kikaisha. Mukasine akamfuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Mikono iko, Mama Kaze," Révérien akasema. "Ila vidole havinisikii."

Ndipo akaitoa mifukoni. Ilining'inia kutoka kwenye viwiko kama mikono ya shati lililoanikwa. Alieleza kwa maneno machache kwamba siku ya kwanza walifungwa kamba viwiko nyuma ya mgongo, akakaa hivyo usiku na mchana, na kamba ilipofunguliwa, mikono ilikuwa imeshalala. Mganga alisema huenda itaamka, huenda isiamke. Kule mgahawani kulikuwa na watu zaidi ya kumi. Angefanya nini, ainamie kikombe kama ndama?

Kuhusu kuonja, alisema hakuona. Hata hakukumbuka. Tangu alipokaa mpaka alipoondoka alikuwa anawaza jambo moja tu, kwamba mtu asimpe mkono.

Mukagasana alitamani ardhi ya Kagugu impokee. Kwanza alisikia nafuu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi, kwamba jambo la kwanza lililomjia kifuani lilikuwa nafuu: jina langu liko salama. Mtu aliyesimulia pikipiki kwa mikono amekaa saa nzima mezani kwake mikono mifukoni, kwenye jua, na yeye ambaye anajua nani ameacha kuvuta sigara na nani amegombana na mkewe kwa kumtazama tu anavyokula, hakuona. Alikuwa anatazama kikombe. Siku nane nzima alikuwa anatazama kikombe tu.

Alimwomba radhi, na safari hii haikuwa ile aliyoipanga njiani. Kisha Mukasine akataka kujua habari ya kutajana imetoka wapi, ikabidi aseme yote: soda, meza tupu, Viateur na meno yake. Révérien alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumapili atakuja, atasimama katikati ya mgahawa, na kuwaonyesha watu kwa nini hakunywa.

Mukagasana akakataa katakata. Akamwambia jina lake halina thamani hiyo. Ukimsikia Mukagasana anasema hivyo, ujue limetoka mbali. "Njoo unywe tu," akamwambia. "Mengine niachie mimi."

Wiki hiyo alikwenda kwao Kabuga akachukua chungu cha marehemu mama yake, kile kipana chenye shingo fupi, ambacho zamani kiliwekwa katikati ya watu na kila mmoja akatia mrija wake. Mirija ya matete akaikata mwenyewe bondeni, mirefu, mitano. Jumapili saa nne kamili chungu kilikuwa juu ya meza ya dirishani. Vikombe vyote vya meza ile alivificha chini ya beseni. Watu wa kupita walichungulia kwa ajili ya chungu tu, kwa kuwa kitu kama kile Kacyiru hakikuonekana tena, na baadhi yao wakaingia, wakaagiza soda, wakakaa.

Wale watatu walipouliza kulikoni, aliwajibu kwamba amechoka kuosha vikombe. Nsabimana alicheka. Viateur, ambaye alikuja kwa kuburutwa na Mukandekezi, hakumtazama usoni.

Révérien aliingia na koti lake. Mukagasana alisubiri akae. Kisha akainama mbele ya wote, akatia mrija wa tano, akanyonya kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, akainuka, akageuka polepole ili kila meza imwone akimeza. Akaisogeza ncha ya mrija mwingine upande wa Révérien. Wenzake wakainama kwenye mirija yao, vichwa vinagongana, mikono magotini, maana kwa mrija mkono hauna kazi. Na Révérien akainama kama wao, akanywa kama wao. Alikunywa sana.

Mtu wa meza ya tatu aliisukuma soda yake pembeni na kuuliza kama umutobe upo. Mukagasana akamjibu kwamba upo, lakini asubiri, kuna wenyewe. Viateur akainuka akaenda naye jikoni, na alichomwambia huko hakikusikika, ila alirudi macho mekundu na sahani ya chapati ambayo hakuna aliyemtuma kuileta.

Sahani ikawekwa mezani. Za moto, zina mafuta, zina harufu. Kila mmoja akachukua yake. Révérien alizitazama kwa muda. Mukagasana alikuwa ameshafungua kinywa aseme kwamba huyu tumbo lake halijazoea, muacheni. Alichelewa. Révérien aliutoa mkono wa kulia mfukoni akauweka mezani, kisha wa kushoto, akaviacha viganja hapo vimelala kando ya chungu.

"Na chapati nayo naitaka," akasema. "Atakayenimegea ni nani?"

Mukandekezi alishika mdomo. Viateur akaitazama ile mikono, kisha akaitazama meza. Nsabimana, ambaye kazi yake ni kupima mikono ya watu, aliiangalia bila haraka, bega, kiwiko, kiganja. Akamega kipande cha chapati yake, akakichovya kwenye maharage, akamtia Révérien mdomoni kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akasubiri atafune. Akamwambia kwamba suruali zake zote azilete kesho, ataondoa vifungo na kutia lastiki kiunoni, na mashati pia kuna namna, na hilo koti alivue, watu wanaungua kwa kumtazama.

Révérien akacheka. Viateur akamvua koti. Mukandekezi akaanza kuuliza maswali kwa sauti yake ya ubaoni, mganga ni yupi, amesema nini, dawa gani, na ubishi ukaanza palepale juu ya nani anamjua mganga mzuri zaidi, na Révérien akiwa na chapati mdomoni akawapinga wote.

Chungu kikaisha. Mukagasana akaleta kibuyu akakijaza tena hadi shingoni, akiwaambia wana kelele na waondoke kwake. Alipofika mlango wa jikoni akasimama ghafla. Hakuonja.

Akageuka. Vichwa vinne vilikuwa vimeshainama juu ya chungu, na Révérien ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta funda.